Mwiko wa Vidonge Vipya

Achianeni nafasi kidogo, upepo upite katikati yenu. Barakoa msivue. Mimi sikohoi tena, lakini nyie bado mnakohoa, na hapa hakuna wa kumwonea haya mwenzake. Nimeombwa niwasimulie nilivyougua na nilivyopona. Nikianza kusema sinyamazi haraka, kwa hiyo mwenye kiu anywe maji sasa.

Naitwa Atija. Kazi yangu ni kushona. Nina cherehani ya miguu, ile ya kukanyaga, naiweka barazani karibu na soko. Shule zikikaribia kufunguliwa, mashati meupe ya watoto yananifunika mpaka kichwa hakionekani. Zamani nilikuwa na mwili, tena mwili wa kutosha. Wateja wangu walikuwa wananitania kwamba gauni langu moja lingewatosha wao wawili. Nikawajibu wakashone kwingine kama wanaona taabu. Hawakwenda, kwa sababu nashona vizuri na wanajua.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mimi, binti yangu Hadija wa miaka minne, na mama mkubwa, Bi Sauia, dada wa marehemu mama yangu. Yeye ndiye aliyenilea tangu naachishwa ziwa. Sina mama mwingine ninayemkumbuka. Baba yake Hadija tulishaachana, sitamsema leo.

Mama mkubwa anajua dawa za miti. Si mganga, hana kilemba wala hirizi za kuuza, ila wanawake wa mtaani wanamletea watoto wenye tumbo na homa, naye anawachemshia mizizi. Na nyumbani kwetu dawa ina heshima zake. Unainywa asubuhi kabla kitu chochote hakijapita kooni. Tena mpaka dawa iishe, nazi mwiko, mafuta mwiko, samaki mwiko. Unakula uji mweupe na muhogo wa kuchemsha, basi. Ukivunja mwiko, dawa imekufa na lawama ni yako. Nilipougua surua nilikula hivyo. Nilipomzaa Hadija, tumbo likanisumbua, nikala hivyo, na nikapona. Nawaeleza mapema ili mjue sikuwa mjinga. Nilikuwa nafuata kitu kilichonisaidia maisha yangu yote.

Kikohozi kilinianza baada ya kurudi kutoka ukimbizini, tulikokimbilia vita. Kule tulilala wengi chini ya turubai moja, kila mtu anapumua pumzi ya mwenzake. Mwanzo kilikuwa kikohozi cha kawaida tu, nikanunua sirapu. Ikaisha, nikanunua nyingine. Halafu nikaanza kutoka jasho, naamka leso niliyojifunika imeloa kama imetoka kufuliwa. Chakula kikawa hakinitaki. Kila wiki napunguza gauni upande huu na upande ule, na najidanganya kwamba nimetengeneza mtindo mpya.

Siku moja nilikuwa napiga kola ya shati la mtoto wa jirani. Kikohozi kikanikamata, nikakohoa juu ya kitambaa kabla sijageuza uso. Nikaona doa jekundu kwenye shati jeupe. Nilikaa nalitazama. Sikulia, sikumwita mtu. Nililifua, likabaki doa la kahawia, nikalitupa lile shati na kushona jipya. Kesho yake nikaja hapa hospitalini.

Nikatemea kwenye kikopo, kama mlivyotemea nyie. Kilipopimwa, enfermera, muuguzi wetu, akaniita pembeni, akaniambia ni kifua kikuu, na si kile cha kawaida. Ni sugu, vidonge vya kawaida havikiui. Nilikuwa namjua mtu mmoja wa kijiji cha Nhica aliyekuwa na ugonjwa huohuo, na nilihudhuria maziko yake. Enfermera akanishika bega. Akasema zamani ugonjwa huu ulikuwa unatibiwa kwa sindano na vidonge mwaka mzima na zaidi, wengine wakatoka viziwi. Sasa zimekuja dawa mpya, za kumeza tu, miezi sita. Na kwa kuwa dawa hizo ni ngeni kwetu, kuna watu wanazifuatilia, wanataka kujua zinafanyaje ndani ya miili yetu sisi, moyo unaenda vipi, ini linazivunja kwa kasi gani, damu inabeba kiasi gani. Nikaulizwa kama nakubali kufuatiliwa. Nikakubali, nikatia sahihi.

Enfermera akanipa masharti. La kwanza kabisa alilosema ni hili: kula kwanza, ushibe, ndipo umeze. Nikasema ndiyo, nimeelewa. Kuelewa nilielewa vizuri sana, msije mkasema sikusikia.

Hadija alipimwa, akaonekana mzima. Mama mkubwa naye alipimwa, mzima. Lakini niliambiwa mtoto akae mbali nami mpaka makohozi yangu yatoke safi. Dada yangu akaja kutoka Mbau kumchukua. Nilimuaga nikiwa nimesimama mlangoni na barakoa usoni. Alitaka kunikimbilia, nikamkataza kwa sauti kali, akaondoka analia kwa sababu alidhani nimemkasirikia. Hilo liliniuma kuliko kifua. Nikajiambia ni miezi miwili tu, mitatu ikizidi sana, nitamrudisha.

Basi nikafika nyumbani na mfuko wangu wa dawa. Mama mkubwa akavitoa vidonge kimoja kimoja, akavinusa. Akaniuliza masharti, nikamwambia: eti nile kwanza. Akacheka. Akasema watu wa hospitali wanaogopa mgonjwa asilalamike tumbo, ndiyo maana wanasema hivyo. Dawa mpya namna hii, kali namna hii, ya kuua ugonjwa ulioshinda dawa zingine, halafu uimeze juu ya samaki na nazi? Itakutana na nini huko tumboni? Kadiri dawa inavyokuwa kali, ndivyo mwiko wake unavyokuwa mkubwa.

Mimi nilimwona ana haki. Hakunilazimisha. Naomba mlisikie hilo, maana watu wakisikia habari hii wanataka kumsukumia yeye. Mimi mwenyewe nilitaka kupona haraka nimrudishe mwanangu, na nilidhani nikijinyima zaidi nitapona zaidi. Nikaufunga mwiko mkubwa kuliko wote niliowahi kuufunga. Asubuhi namwaga vidonge kinywani juu ya tumbo tupu. Mchana uji mweupe. Jioni muhogo, bila hata tone la nazi.

Lakini wale wa hospitali nao si wajinga, walinipa mtu wa kunitazama nikimeza. Jina lake Bonifasi, ativista, yule anayezunguka majumbani kwa wagonjwa. Ni Mmakonde wa Diaca, mkulima, alikimbia na familia yake akaja kuishi nyuma ya soko. Ni mpole, anasema maneno machache, na anavaa rozari shingoni. Kila asubuhi anapita kwangu kabla ya kwenda kulima kipande alichoazimwa. Anasimama uani, anauliza:

"Dada Atija, umekula?"

"Nimekula."

Nilimjibu hivyo kila siku ya Mungu. Naye anaandika kwenye karatasi yake: amekula, amemeza. Nikimeza ananiambia nifungue mdomo, nainua ulimi, anatazama huku na huku. Kumeza sikumdanganya hata siku moja. Nilimdanganya kwenye chakula tu, na mimi niliona huo si uongo, ni kumwondolea usumbufu. Nilijua akijua mwiko wetu atausema hospitalini, na pale nilishamwona mwanamke mmoja akigombezwa mbele ya watu kwa ajili ya dawa za miti. Sikutaka mama mkubwa aje kugombezwa namna ile kwa sababu yangu.

Sasa niwaambie mwili ulivyofanya. Nilitapika, jamani. Kichefuchefu kilikuwa kinaanzia kwenye nyayo. Mdomo ukawa na ladha ya chuma. Halafu nyayo zikaanza kuwaka moto, na vidole vya miguu vikafa ganzi. Nikikanyaga cherehani sijui kama mguu uko kwenye kanyagio au uko chini. Hilo nililisema hospitalini, na walinisikiliza. Walisema ni kimoja kati ya vile vidonge ndicho kinachochoma mishipa, wakanipunguzia kipimo chake, na moto ukapungua. Walinibandika waya kifuani wakatazama mapigo ya moyo. Walinitoa damu wakatazama ini. Kila mara wananiambia moyo mzuri, ini zuri. Nami narudi kifua mbele, namwambia mama mkubwa mwiko unafanya kazi.

Kikohozi kilipungua kweli mwezi wa kwanza. Homa ikapoa. Lakini makohozi yalipopimwa, wale wadudu walikuwa hai. Mwezi wa pili hai. Mwezi wa tatu hai, na kikohozi kikaanza kurudi. Uzito haukupanda, na ungepandia wapi, mtu anakula muhogo mkavu. Dada yangu akatuma ujumbe kwamba Hadija ameacha kuniulizia. Nilisoma ujumbe ule nikaiweka simu chini, nikaona kabisa kwamba nakufa, na mtoto ameshaanza kunizoea kama marehemu.

Hapo ndipo alipokuja dotora Selma. Yeye ni mtu wa dawa, si wa kutibu. Kazi yake ni kutazama dawa zinapita vipi mwilini. Alikuja kutoka Pemba na wenzake wawili, wakakusanya wagonjwa wote tuliokuwa kwenye vidonge vipya. Tulikaa hapa hospitalini siku nzima. Wakatutoa damu kabla ya kumeza, tukameza, wakatutoa tena baada ya saa moja, baada ya saa mbili, nne, tano, nane. Mkono ukawa kama ubao wa kuchomekea sindano zangu za kazini. Waliuliza kila mtu amekula nini asubuhi. Nikajibu nimekula wali. Nilikuwa sijala kitu. Damu zikafungwa kwenye barafu, zikapelekwa mbali kupimwa.

Majibu yalikawia. Yalipokuja niliitwa mimi, akaitwa na Bonifasi. Ndani alikuwepo dotora Selma na mkubwa mmoja wa idara ya afya, mwanamume mwenye haraka zake. Huyo mkubwa hakuzunguka. Alisema damu yangu ina dawa kidogo mno, na kwake maana yake ni moja: vidonge vinatupwa, na huyu ativista anaandika bila kutazama. Akasema Bonifasi atatolewa kwenye orodha, na mimi nitaondolewa kwenye dawa mpya, nirudishwe kwenye zile za muda mrefu. Tena akaongeza kwamba kama nilikuwa nameza na bado damu iko hivi, huenda dawa hizi haziwafai watu wa huku, na litaandikwa hivyo.

Bonifasi hakupandisha sauti. Alisema, "Namwona akimeza. Natazama mpaka chini ya ulimi." Halafu akaishika rozari yake.

Dotora Selma alikuwa bado anatazama karatasi yenye vitone na mistari. Akamwomba yule mkubwa asubiri. Akanionyesha. Akaniambia dawa ikimezwa inapaswa kutoka tumboni iingie kwenye damu, ifanye kazi, halafu ini liivunje na mwili uitoe. Kuna watu ini lao lina kasi, au wanatumia kitu kingine kinacholiongezea kasi, na kwao unaona dawa inapanda vizuri kisha inaanguka ghafla. Kwanza alidhani mimi ni mmoja wao. Akaweka kidole kwenye mstari wangu, ulikuwa umelala chini chini.

"Ya kwako haikuanguka," akasema. "Haikupanda. Ini lako halina kosa, dawa haikufika kwenye damu. Dada, unameza na nini?"

Niliwatazama wote watatu. Nilisikia aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikawaza nikisema nitaonekana mshamba na mama mkubwa ataitwa mchawi. Nikimtazama Bonifasi, namwona mtu aliyekuja kwangu kwenye mvua na jua, na sasa anafukuzwa kwa uongo wangu. Nikawaza na hilo la kuandikwa kwamba dawa haifai. Watakaokuja nyuma yangu wananyimwa dawa kwa sababu Atija hakutaka kusema amekula nini.

"Huyu hana kosa," nikasema. "Mimi nameza kweli, ila sijala. Sijala hata siku moja tangu nianze. Ni mwiko wa kwetu."

Nikaanza kulia, nikaeleza yote, uji, muhogo, nazi, mpaka wali wa uongo wa siku ile ya sindano. Yule mkubwa akashika kichwa. Bonifasi alinitazama tu, na sikuweza kumtazama. Dotora Selma yeye alikaa nyuma kwenye kiti akashusha pumzi, na mkinibishia shauri yenu, lakini yule mwanamke alikuwa anafurahi. Akanieleza kwamba vidonge viwili kati ya vile, kikiwemo kile kikubwa kiitwacho bedakilina, haviyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Vinataka chakula, hasa chakula chenye mafuta, ndipo vinayeyuka na kupenya. Bila chakula, sehemu kubwa inapita na kutoka chooni. Nilikuwa nameza dawa kamili, na mwili unapata nusu yake. Dawa nusu inamkwaruza mdudu tu, na mdudu aliyekwaruzwa anajifunza ukaidi. Akasema hilo la mwisho ndilo linalomtisha, wapime upesi kama dawa bado zinawaua wale wadudu wangu. Walipima. Namshukuru Mungu, zilikuwa bado zinawaua.

Sasa likabaki la nyumbani. Nilimwambia dotora, mimi nitakula, lakini mama mkubwa simwezi. Nikila atadhani najiua mbele yake. Akasema twende.

Nilidhani anakwenda kumkaripia. Alivua viatu, akampa shikamoo, akakaa mkekani chini, akaulizia hali ya nyumba na ya mtoto aliyeko Mbau. Akamwomba amweleze mwiko wetu. Mama mkubwa akaeleza huku amekaza uso, anangojea matusi. Dotora akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Bibi, sikuja kuondoa mwiko. Kila dawa ina mwiko wake, na hii inao. Mwiko wake ni tumbo tupu."

 Mama mkubwa akauliza nani aliyeuweka mwiko huo. Dotora akamjibu kwamba walioitengeneza ile dawa waliwapa watu wakiwa na njaa, wakawapa wakiwa wameshiba, wakapima damu zao, wakaona. Akafungua karatasi yangu, akamwonyesha mstari wangu uliolala, na mistari ya wagonjwa wengine iliyopanda juu. Mama mkubwa hajui kusoma, lakini kilichopanda na kilicholala anavijua. Aliutazama wa kwangu, akauliza, "Huu ndio wake?" Akaambiwa ndiyo.

 Siku hiyo na kesho yake alikuwa anapita uani kama mtu aliyefiwa. Mimi nilimwambia: mama, hukunilazimisha, nilitaka mwenyewe.  Siku ya tatu asubuhi nikasikia anakuna nazi. Akaniletea matapa, yaani kisamvu cha nazi na karanga, na kipande cha samaki juu yake, sahani imejaa. Akakaa mbele yangu na fimbo yake ya kutembelea magotini.

"Kula yote," akasema. "Halafu umeze mbele yangu."

Nilikula nikilia, na kile chakula kilikuwa kitamu, wallahi, sijapata kula chakula kitamu namna ile. Bonifasi alipofika hakuniuliza kama nimekula. Mama mkubwa alimwonyesha sahani. Nikamwomba msamaha pale pale uani. Akasema yameisha, na kuanzia siku ile akawa anaangalia sahani kwanza, ulimi baadaye. Orodhani hakutolewa.

Dotora Selma alirudi kunitoa damu mara ya pili, saa zilezile, safari hii nimeshiba kweli. Majibu yalipokuja alinipigia simu mwenyewe. Alisema neno moja tu: imepanda. Niliiweka simu juu ya cherehani nikacheka peke yangu, mteja akadhani namcheka yeye.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kutapika kulipungua sana. Mwezi uliofuata makohozi yakatoka safi. Nilimwambia enfermera arudie kusoma. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, akanifukuza. Kwa kuwa nilipoteza miezi ya mwanzo, matibabu yaliongezwa kutoka miezi sita hadi tisa, na sikulalamika. Magauni nikayafumua tena pembeni. Hadija akarudi kutoka Mbau. Siku ya kwanza alijificha nyuma ya dada yangu. Siku ya pili alikuja akanishika kidevu, mahali ambapo barakoa ilikuwa inakaa, akauliza kama sasa ninaruhusiwa. Nikamwambia ninaruhusiwa. Akapanda mapajani na hajashuka mpaka leo, nikishona yupo hapohapo ananiharibia kazi.

Nyayo zina ganzi bado kidogo, hasa vidole. Nakanyaga cherehani kwa mazoea zaidi kuliko kwa kuisikia. Namshukuru Mungu, namshukuru dotora na wenzake, enfermera wetu huyu mnayemwona, na Bonifasi kuliko wote, kwa sababu alikuwa anasimama uani kwangu akiambiwa uongo na hakuacha kuja.

Na nyie niwaombe. Kila mtu ana vidonge vyake na masharti yake, kuna vingine vinataka tumbo tupu kweli, kwa hiyo usichukue sharti langu ukalitia kwenye dawa yako. Muulize anayekupa. Lakini akikuuliza umekula nini, mwambie. Kama ulikunywa mizizi, taja mizizi. Kama kwenu kuna mwiko, useme, hata kama unaona haya, hata kama utagombezwa. Kugombezwa kunaisha. Mimi niliwadanganya kwa miezi mitatu na ushei, nikidhani ninayemdhuru ni mimi peke yangu.

Miezi hiyo mitatu na ushei nilikuwa nakohoa ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Hadija alikuwa mbali, alisalimika. Lakini mtu mmoja hakuondoka. Alikaa nami, akanifulia leso, akanishika mgongo nikitapika. Nilipomaliza vidonge vyangu vya mwisho, yeye akaanza kukohoa.

Mwangalieni yule bibi wa leso ya manjano, aliyekaa pale mwisho wa benchi karibu na dirisha. Ndiye mama mkubwa. Huu ni mwezi wake wa pili wa vidonge vilevile; Hadija amepimwa tena, mzima, na usiku analala kwa jirani. Tangu aanze, simwachii kidonge mpaka sahani iwe tupu, na ananitukana kwamba nampa samaki mwingi. Juzi wamepima makohozi yake. Safi.